Silikoni ya Zamani Niliyoiacha Konani

Mwanangu, ipo siku moja ya miaka ya tisini ambayo nikiikumbuka hadi leo viganja hunitoka jasho. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, hapa hapa Nachingwea, nikijifunza kazi ya bomba kwa Fundi Anselmo, mzee wa Kimakonde aliyetokea ng'ambo ya Ruvuma. Nilikuwa mwepesi wa mikono, na kusema kweli nilikuwa najisikia.

Walikuja Wazungu wawili, mtu na mkewe, waliokuwa wakichunguza mawe porini. Gari lao lilikuwa nyumba kabisa: kitanda, jiko, na kibafu cha plastiki ambacho wewe na mwili wako huu usingegeuka ndani yake. Kibafu kikawa kinavuja. Ile silikoni, gundi laini kama mpira inayoziba pale sakafu inapokutana na ukuta, ilikuwa imeachia na kuota ukungu mweusi. Wakamwomba Fundi aizibe upya, naye akanituma mimi.

"Itoe yote ya zamani kwanza," aliniambia. "Mpya haishiki juu ya ya zamani."

Dada yangu Zainabu ndiye aliyekuwa akiwapikia Wazungu wale na kuwasafishia. Kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu.

Nilianza vizuri. Nilichana kwa wembe, nikavuta, ikawa inatoka vipande vidogo vidogo. Joto la mle ndani lilikuwa la tanuri. Kona ya nyuma silikoni iling'ang'ania na mkono haukufika sawasawa. Nikajiambia, nani ataona? Nikapaka mpya juu yake, nikailainisha kwa kidole, ikang'aa. Alasiri wakaondoka kurudi kambini kwao, njia ya Ruangwa. Zainabu alinipungia mkono dirishani.

Kesho yake asubuhi Fundi akaniuliza, "Ile ya zamani uliitoa yote?"

"Niliitoa yote, Fundi."

"Afadhali. Nilichungulia chini ya sakafu ile. Waya wa jenereta unapita kona ya nyuma, na pale ulipoungwa wameuzungushia utepe tu. Maji yakifika pale, aliyemo bafuni hatoki mzima."

Nikashika msumeno badala ya kusema. Niliogopa kufukuzwa kazi, fikiria, wakati huo dada yangu anasugua bafu lile miguu mitupu! Nikakata bomba, likawa fupi. Nikakata lingine, fupi tena. Fundi akanitazama, nami nikaropoka, "Fundi, nimekudanganya. Kona ya nyuma sikuitoa."

Hakunigombeza. Alinisukumia baiskeli yake. "Nenda. Usisimame popote."

Simu za mkononi hatukuwa nazo. Niliendesha kwenye vumbi, na kila gari lililotoka upande wa Ruangwa niliona limebeba habari yangu. Mbele kidogo nikakutana na pikapu imesimama. Nyuma amelala mwanamke aliyefunikwa khanga mpaka usoni. Nikashuka kwenye baiskeli. Nikamuuliza kijana aliyekaa naye, "Huyo nani?"

"Mama yangu, wa Malolo. Homa imemzidi, tunampeleka hospitali."

Nikamwambia pole, na moyoni nikashukuru kwamba alikuwa mama wa mtu mwingine. Hilo nalo linanisuta hadi leo.

Nilipofika kambini jenereta ilikuwa inanguruma. Mlango wa gari uko wazi, na ndani nasikia brashi ikisugua. Nikapiga kelele, "Zima! Zima jenereta!" Yule Mzungu alikimbia akaizima. Zainabu akatoka na brashi mkononi, amekasirika.

"Umerukwa na akili wewe?"

"Dada, hujasikia kitu miguuni?"

Akatazama nyayo zake. "Tangu nianze kusugua inanichomachoma. Nikadhani ni sabuni."

Mzungu alifungua ubao wa chini. Maji yalikuwa yametuama, utepe umelowa chapachapa. Zainabu aliketi chini mchangani, akanitazama. "Ulijua?"

"Nilijua nimeacha ya zamani. Habari ya waya nimeijua leo."

Aliinuka akaenda jikoni. Siku mbili hakusema nami.

Siku hizo mbili nilifanya kazi niliyopaswa kuifanya mwanzo. Mzungu aliuhamisha waya. Mimi niliichana silikoni yote, nikakwangua mabaki kwa kipande cha plastiki ili nisikwaruze, nikafuta kwa spiriti, nikaacha pakauke kabisa. Ndipo nikapaka mpya, mstari mmoja bila kukatisha, na siku nzima maji hayakuguswa. Zainabu alikuja kupapasa ile kona ya nyuma kwa kidole chake mwenyewe. Akasema, "Njoo ule."

Sasa nisikilize, mwanangu. Usifunike kazi mbovu kwa kazi nzuri. Aliyekuamini ndiye atakayekanyaga pale. Na ukishakosea, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka. Mimi nilichelewa kwa muda wa kukata mabomba mawili tu, na muda huo nusura unitwalie dada. Mungu akupe mikono yenye subira na ulimi usioogopa kukiri, na kila atakayeishi ndani ya kazi yako aishi salama.