Korongo Aliyecheza Siku ya Idi

Harufu ya tope la mto Nyabarongo baada ya mvua ni ya mafunjo yaliyooza, samaki na moshi wa mbali. Ndiyo iliyotupokea kila Jumapili, mimi na mjomba Rajabu, ndugu yake mama, tulipoteremka kutoka Biryogo, mtaa wetu wa Kigali, kwenda kutazama ndege. Darubini hatukuwa nayo. Tulichuchumaa nyasini, tukanyamaza, mpaka korongo wenye taji, wale ambao hapa kwetu tunawaita imisambi, wakatoka kwenye mafunjo wawili wawili, wakitembea kwa madaha. "Tazama, kijana," mjomba alininong'oneza. "Hawa hawaachani."

Masika ya mwaka mmoja, mkulima mmoja wa bondeni alimletea baba, aliyekuwa fundi cherehani, kinda la korongo ndani ya kapu la viazi, shukrani ya koti alilomshonea. Siku hizo kufuga korongo uani kulikuwa heshima. Nikamwita Sultani. Alidonoa mahindi kiganjani mwangu, akanifuata hadi mlangoni pa madrasa, na tulipompigia makofi alikunjua mabawa, akaruka-ruka na kuinama kama mcheza ngoma. Ili ndege wasitoroke, watu waliwakata manyoya ya bawa moja kila yalipoota. Mjomba alikataa. "Mwache akomae tumpeleke mtoni kwa wenzake. Bawa ni lake, si lako." Nikamwahidi. Manyoya yakakua, na Sultani akaanza kupaa hadi juu ya bati na kurudi, nami kila aliporuka niliogopa kwamba safari hii hatarudi.

Idi ikakaribia. Wageni walikuwa wanatoka Bujumbura, na nilikwisha kuwatambia binamu zangu kwamba nina ndege anayecheza kwa amri yangu. Je, akiondoka kabla hawajamwona? Alasiri ya kuamkia sikukuu nilichukua mkasi wa baba, nikambana Sultani ukutani. Alipapatika, nami nikafanya haraka; mkasi ukapita manyoya ukaingia kwenye nyama, karibu na kiungo. Nilipaka majivu damu ilipotoka. Sikumwambia mtu.

Kesho yake, tukiwa uani tunakula pilau, kundi la korongo lilipita juu likilia, likielekea mtoni. Sultani aliinua shingo. Akatoka mbio kwenye kichochoro, akatandaza mabawa, akaruka, akaanguka, akaruka tena.

"Ona, iko nacheza!" binamu yangu Hamisi alipiga kelele. "Ongeza, Sultani! Ongeza!"

Shangazi zangu wakapiga vigelegele, wanaume wakacheka, wote wakapiga makofi. Mimi peke yangu nilijua kwamba hachezi. Nami nikapiga makofi.

Mjomba aliweka sahani chini, akamfuata, akalishika lile bawa. "Umemkata?"

"Hapana, mjomba."

Hakunipiga, wala hakuniuliza tena. Ila Jumapili iliyofuata alikwenda mtoni bila kuniita, na zote zilizobaki vivyo hivyo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, lakini aliyevunjika si mimi. Sultani aliishi uani kwetu miaka mingi na hakuruka tena. Mjomba alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumwambia ukweli.

Siku hizi kingo za mto zinalindwa na kufuga korongo ni marufuku. Wageni huja na darubini, vijana waliosomea kazi hiyo huwaongoza kwa sauti ya chini, na watoto wa shule wanawajua ndege kwa majina. Nafurahi, ingawa furaha yangu ina uchungu ndani yake. Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu Salma kwenye bwawa lililo pembezoni mwa Kigali, ambako wanatunzwa korongo waliotolewa majumbani mwa watu, wale ambao mabawa yao hayaponi. Juu yetu walipita wazima wakilia.

"Babu, mbona hawa hawaruki na wenzao?"

"Walikatwa mabawa, mama."

"Na nani?"

Kijana aliyekuwa akituongoza alifungua mdomo ajibu. Nikamtangulia.

"Na watu kama mimi."

Salma alishusha darubini, akaacha kuwatazama ndege, akanitazama mimi.