Matanga Yangu Kule Kiyeyi

Cheka ukitaka. Hata mimi ningecheka, maana waigizaji tunajulikana kwa kutia chumvi. Lakini hili sikuliigiza. Lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nimelala ndani ya jeneza.

Nilianza na tamthilia za runinga Busia, upande wa Kenya, nikicheza mke wa kuonewa na mawifi. Kisha vichekesho, na hapo ndipo watu wa sokoni walipoanza kuniita kwa vicheko. Filamu za kutisha zilikuja mwisho, na moja tulikwenda kuipiga Kiyeyi, kule Tororo, ng'ambo ya mpaka. Mimi ndiye maiti. Ili msiba ufanane na msiba, mwongozaji akakodi akina mama wa kijiji waje kuomboleza.

Wakagoma. "Jina yake nani?" akauliza mkubwa wao. "Siwezi lia mtu hana jina."

Mwongozaji, na haraka zake, akawapa jina langu. Si la kwenye filamu; langu la ubatizo! Ningepinga vipi na pamba puani?

Basi wakalia. Mara sauti moja ikapanda juu ya nyingine zote. Nikachungulia: mama mrefu, amevaa gauni la gomesi la zambarau, amesimama miguuni pangu. Huku kwetu mfu huliliwa kwa kusimuliwa maisha yake, naye akasimulia yangu. Kisima nilichotumbukia utotoni kijijini kwetu Masinya. Tamthilia, vichekesho, hata mchumba niliyemficha mama yangu. Nani alimwambia? Niamini, jasho lilinitoka mpaka poda ikachuruzika.

Kisha akaipita siku ile, akaanza kusimulia yasiyotokea bado. "Ulituzalia mtoto msichana, mwanangu. Ukaenda kabla hajajua sura yako. Siku hiyo ulikuwa umevaa..."

Niliruka. Jeneza likapinduka, watu wakapiga mayowe, na niliposimama yule mama hakuwapo. Wanawake wa Kiyeyi waliapa walidhani amekuja na sisi kutoka Kenya. Sisi tulidhani ni wao. Mkubwa wao akanishika mkono. "Shukuru," akasema, "yeye hajamaliza."

Wakati huo sikuwa na mimba wala mume. Leo nina binti, ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Filamu za kutisha nimeziacha, na nikifungua kabati mkono unasita, kwa sababu sijui nguo aliyotaka kuitaja ni ipi. Naogopa, sikufichi.

Kwa hiyo wewe unayeota kuigiza, cheza maiti ukipenda, lakini usikubali kuliliwa kwa jina lako.

Binti yangu bado anamwendea yeyote anayemnyooshea mikono, kama vile sura zote kwake ni moja, na majirani wanamsifu eti hana usumbufu. Wao huona kero watoto wao wakiwalilia mlangoni. Mimi kila asubuhi nikitoka nasimama nje kidogo, nikisikiliza kama leo atanililia.