Hereni Kwenye Bakuli la Sukari

Kofi la kwanza kwenye ile filamu linatua kabla hujakaa vizuri kitini. Mwanamke anaangukia kabati, sahani zinamwagika, na mwanamume anamkanyaga mkono unaookota vigae. Ukumbi mzima ulipiga mayowe. Yule mwanamke wa filamu peke yake ndiye hakupiga, na mwanamke huyo ni wifi yangu.

Mimi nauza nyama. Nimezoea damu, subira sina, na filamu ninazozipenda ni zile ambazo mke akipigwa mara moja, mara ya pili anakamata mchi. Kwa hiyo mwanzoni niliona aibu. Nilitaka arushe sahani, ang'ate, aite majirani. Yeye alikuwa anaokota vigae tu. Mtu wa nyuma yangu akauliza, "Hili gogo wamelitoa wapi?" nami moyoni nilikuwa nauliza hivyo hivyo.

Wifi ni fundi cherehani. Kaka alipomleta nyumbani tulimbandika jina la Kimya, na halijabanduka mpaka leo. Mawifi wengine hugombana hata kwa sababu ya ufagio, lakini huyu ukimchokoza anakunja kitambaa chake na kukuuliza kama umekula. Nilimchokoza mpaka nikachoka mwenyewe.

Watu wa filamu walikuja kwake kutaka nguo. Mwigizaji wao mkuu alikuwa mtu wa maringo, hakutokea kupimwa hata siku moja, basi Kimya akazikata zile gauni kwa mwili wake mwenyewe. Kisha yule wa maringo akagombana na mwongozaji, akaondoka zake. Zikabaki gauni saba, na mtu mmoja tu zinayemtosha. Kaka aliposikia alifurahi kuliko wote. Alitembea mtaani akisema, "Mke wangu nyota!" Filamu inahusu nini hakuuliza, aliambiwa ni ya mambo ya ndoa, ikamtosha.

Mwongozaji alipata taabu naye. Alikuwa akimpigia kelele, "Lia basi! Mume anakuua, lia!" Kimya akamjibu, "Akilia atapigwa zaidi." Mwongozaji akatupa kofia chini, akaamua picha nyingi azielekeze kwa yule anayeigiza mume, mtu mmoja tunayemwita Radi kwa jinsi anavyonguruma. Debe tupu haliachi kuvuma. Filamu ilipoanza kuonyeshwa kwenye kumbi kubwa, mtangazaji mmoja wa redio alimmwagia Radi sifa mpaka zikafurika. Kuhusu mke, ambaye hadithi nzima ni yake, alisema, "Naye alikuwepo." Basi.

Jumapili moja ile filamu ikaletwa kwenye ukumbi wa mtaa wetu, mchana. Mimi nilikaa na mama. Kaka alikaa na mkewe safu ya nyuma kabisa, amevaa suti, anapokea pongezi kama bwana harusi. Mama alijifunga kitambaa chake kichwani, kikiwa kimeshuka mpaka kufunika masikio, kama anavyojifunga siku zote. Sikio lake moja limechanika tangu nikiwa mchanga. Nilikua nikiambiwa ni msumari wa mlangoni.

Kuna mahali kwenye ile filamu ambapo hakuna kinachotokea. Kimya anapika, mgongo ametugeuzia. Ufunguo unasikika ukiingia kwenye kitasa. Hageuki. Anazima jiko, anaivuta sufuria mpaka nyuma kabisa, ukutani, mahali ambapo haiwezi kummwagikia mtu. Anaongeza sauti ya redio. Halafu anavua hereni, moja, kisha nyingine, anaziweka kwenye bakuli la sukari na kulifunika. Anasogeza kigoda kwa mguu, anatazama sakafu nyuma yake, pale atakapoangukia. Uso wake hauna woga wala huzuni. Ni uso wa mtu anayepanga chumba kabla ya mgeni aliyemzoea.

Watu waliangua kicheko. Mmoja akasema, "Anavua hereni, anaenda kulala huyu!" Kisha Radi akaingia akinguruma, mkanda mkononi, na ukumbi ukamshangilia.

Mama alinikamata paja, kucha zikaingia.

"Hereni zinachana," akasema.

"Nini, mama?"

"Ukipigwa kofi na hereni sikioni, sikio linachanika. Hakuna msumari wowote, mwanangu. Ni baba yako." Akakifungua kitambaa chake palepale, mbele za watu. "Hilo hakufundishwa na mtu wa filamu. Hilo analijua."

Nikageuka kutazama safu ya nyuma. Viti viwili vilikuwa vitupu.

"Ameona kwamba tumeona," mama akasema. "Atamuua."

Nyumba ya kaka iko nyuma ya ukumbi, na bucha langu liko njiani. Mama alitangulia, mimi nikaingia dukani nikachomoa shoka. Sasa, kaka ni fundi wa kufuli. Mlango wake una kufuli tatu, na miaka yote tulitania kwamba hayo ni matangazo ya biashara, mganga aliyeweza kujiganga. Nilipokuwa nakimbia ndipo niliponing'iniza akili yangu kwenye swali moja: nyumba yenye cherehani na redio, kufuli tatu zinamzuia nani asiingie? Zilikuwa za kumzuia mtu asitoke.

Nilimkuta mama anaugonga mlango kwa viganja vyote viwili. Ndani redio ilikuwa inatangaza sabuni kwa sauti ya kuamsha wafu, na chini ya ile sauti kulikuwa na mlio ninaoujua kuliko wimbo wowote, mlio wa nyama ikibamizwa kwenye mbao. Jirani mmoja akatoa kichwa dirishani.

"Mama, hayo ni ya mume na mke."

"Na ya mama na mwanawe ni ya nani?" mama akamjibu. "Rudisha kichwa chako ndani."

Mlango wa fundi kufuli haushambuliwi kwenye kufuli. Mfupa nao haukatwi katikati, mtu hutafuta kiungo. Niliziendea bawaba. Ya juu iling'oka kwa mapigo manne, ya chini kwa matusi, na mlango ukaangukia ndani pamoja na kufuli zake zote tatu zikiwa zimefungwa vizuri.

Kaka alikuwa amemlaza mkewe kifudifudi juu ya cherehani. Alikuwa amemzungushia shingoni ile futi yake ya kupimia nguo, anaivuta kwa mikono miwili, goti likiwa mgongoni. Uso wa wifi ulikuwa umegeuka rangi ya maini. Na kaka yangu, niliyekula naye sahani moja, alikuwa anauliza kwa sauti ya chini kabisa, tena na tena, "Nani alikutuma uwaonyeshe? Nani alikutuma?"

Mama alimrukia kabla yangu, akamkamata ukosi. Kaka alimpiga kiwiko bila hata kutazama ni nani. Mama akagonga ukuta, akateleza mpaka chini, damu ikamtoka mdomoni. Hapo sikufikiri tena. Nililigeuza shoka nikampiga kwa upande butu, mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Nilisikia mfupa. Nikampiga tena, wa kushoto, kwa sababu futi alikuwa bado ameishika.

Alianguka akalia. Wallahi alilia! Lile gogo kwenye filamu halikutoa hata chozi, na simba huyu wa kufuli tatu alilia kama ndama. Mama alimtazama kutoka pale chini.

"Baba yako aliponichana sikio, wewe ndiye uliyeokota hereni," akamwambia. "Uliniletea huku unalia. Miaka yote hii nilijua uko upande wangu."

Wifi alikuwa sakafuni, anakohoa, shingo ina mistari na tarakimu za futi zimejichora kwenye ngozi. Akajikokota kwa viwiko. Nilidhani anatafuta maji. Alifika mezani, akanyoosha mkono, akazima redio. Kilio cha kaka kikatoka nje kikaenda mtaa mzima, na kila aliyekuwa dirishani akakisikia. Mezani palikuwa na bakuli la sukari. Nikalifunua. Hereni zilikuwamo.

Askari walikuja wakamchukua kaka, mikono yake miwili ikiwa imefungwa mbao. Yuko gerezani. Na mimi niliulizwa maswali kuhusu lile shoka, nikajibu yote, wala sijutii pigo la pili.

Kimya alihamia kwetu, cherehani yake iko nyuma ya bucha. Habari zilipoenea, watu waliokuwa wakimwita gogo wakabadili wimbo. Sasa wanasema, "Aa, kumbe hakuigiza, ndiyo maisha yake." Hapo hasira hunipanda. Upuuzi mtupu! Wanawake wanaopigwa wamejaa mitaani. Simamisha mmoja mbele ya kamera, umwambie aonyeshe, uone kama hatapiga yowe kama Radi. Huyu alikaa pembeni mwa picha ya mtu mwingine, akafanya kazi kwa vidole na sufuria, hakuongeza chumvi hata punje. Nimeirudia ile filamu mara nyingi. Kila mara naona kitu kipya, kama vile anavyofuta bakuli kabla ya kuweka hereni, na mkono hautetemeki. Mimi nakata nyama tangu usichana wangu na mkono wangu haujatulia hivyo.

Siku moja wateja wakiwa wachache nikamuuliza.

"Wifi, ile ya hereni waliiandika?"

"Kwenye skripti palikuwa na maneno mawili. 'Anamsubiri mume.' Nikajiuliza, anasubirije?"

"Na hukuogopa kaka ataiona?"

Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Akaumaliza kwanza.

"Nilijua ataiona. Mlango nisingeweza kuufungua mwenyewe, wifi, na kusema nisingeaminiwa, yule ni kipenzi cha kila mtu." Akainua macho. "Lakini nilimpima mama gauni mwaka juzi. Kitambaa kikadondoka, nikaona sikio. Nikajua mama akiiona, ataisoma."

Nikarudi mbele kukata nyama.

Siku hizi anavaa hereni ndefu, zinazocheza mabegani. Mama ndiye aliyemnunulia. Kuna mteja mmoja mwenye kifua kipana ambaye hugonga mlango wa nyuma kana kwamba anadai kitu. Akigonga, naona mkono wa wifi ukipanda sikioni, wenyewe tu, unaigusa hereni, unatulia hapo kidogo. Halafu unashuka na kurudi kwenye kitambaa, na hereni inabaki.