Majani Mbele ya Taa

Juzi tulikuwa tunatoka masomo, pikipiki sita zikapita pole pole, kila moja na tawi bichi limefungwa mbele ya taa. Rafiki zangu waliningojea niseme kitu cha kuchekesha, maana njo kazi yangu. Mimi nilisimama kando ya njia mpaka zote zikapita.

Wakati wa vita, nikiwa mudogo, nilipanda pikipiki ya namna ile. Mujomba alinikalisha mbele yake, juu ya tanki yenye kunuka mafuta, tukatoka Kalemie na wenzake kwa njia za mashamba, kwani barabara kubwa ilikuwa ya askari. Majani yalinipiga usoni. Mimi nilijua tunaenda arusi. Papa alikuwa ametangulia, walisema.

Kila kijiji watu walisimama. Wanaume walivua kofia.

"Mujomba, wananisalimia kama Gavana!"

"Eh, baba. Wasalimie."

Nikapunga mikono yote miwili, nikapiga honi kwa mudomo. Niligeuka kuona kama anacheka. Macho yake yalikuwa mekundu, nikafikiri ni vumbi.

Leo mutoto yeyote wa hapa angenifundisha: majani yale ni alama ya kilio.

Tulipofika kijijini kwetu niliruka chini, nikaanza kumutafuta Papa nimuambie jinsi watu walivyosimama kutusalimia. Nilizunguka nyumba nikimuita. Wanaume walikuwa wanashusha mukeka murefu uliofungwa kamba kutoka pikipiki ya kwanza, wameziba njia. Niliwaambia wanipishe, nilikuwa na haraka.