Meli ilimwaga mafuta kwenye chumvi yangu, majirani wakaapa ilikuwa mbali

Wakuu, habari za humu ndani.

Juzi kuna mwenzetu alianzisha uzi akiuliza hivi bahari kuu ni ya nani, na meli ya nje ikimwaga uchafu kule anashtakiwa nani. Mkabishana kurasa na kurasa, wengine kwa vifungu vya mikataba, wengine kwa matusi. Nilisoma kimya mpaka mwisho.

Leo naandika yangu. Yalinikuta mwenyewe na sina haja ya kuyatia chumvi, maana chumvi ndiyo iliyoniponza.

Kabla hamjauliza: ndiyo, ni mwanamke. Ndiyo, ni mzee sana. Simu naitumia mwenyewe. Wale mnaoniitaga "braza" humu endeleeni tu, nimeshazoea.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Mahali ni Kunduchi, ambayo leo mnaijua kwa mahoteli. Wakati ule ukitoka mjini kwenda kule watu walikuaga kabisa kama unasafiri.

Mimi ni mtu wa Lindi. Niliolewa mapema, nikaachika mapema, nikamfuata kaka yangu Hamisi aliyekuwa kuli bandarini na amepanga chumba Temeke. Kaka hakupenda. Mwanamke aliyeachika kukaa mjini peke yake kwake ilikuwa aibu, na kule nyumbani kulikuwa na mwanamume wa Mchinga ameshaleta maneno ya posa.

Tukakubaliana. Nijaribu kazi yangu mwenyewe. Ikisimama, nabaki Dar. Ikianguka, narudi Lindi naolewa, bila ubishi.

Kazi niliyoijua ni chumvi. Mama yangu alikuwa mpika chumvi, ila mimi nilitaka ile ya jua, ya majaruba. Unachimba vijaruba vya udongo wa mfinyanzi karibu na mikoko, unaweka mfereji wenye mlango wa ubao. Bahari ikijaa sana, ule ujazo wa bamvua, unafungua mlango maji yanaingia, unafunga. Jua linafanya kazi iliyobaki.

Ardhi nilipewa na Jumbe Kondo. Kwa wasiojua, jumbe alikuwa mkuu wa kijiji anayetambuliwa na serikali ya Mwingereza. Alinipa bila kunidai kitu, akaniambia, "Mgeni wangu ni mwanangu. Atakayekuchokoza kanichokoza mie."

Naomba mlishike hilo. Yule mzee alikuwa mtu mwema, na katika kisa hiki chote sijaona mahali alipoacha kuwa mwema.

Majaruba yalisimama. Chumvi ikatoka nyeupe, ya mawe mawe, na Muhindi wa duka akawa anaichukua yote. Kaka Hamisi alikuja kutazama, akaionja, akasema "haya" na kurudi Temeke. Kwa kaka yangu hiyo ilikuwa hotuba. Nilifurahi sana siku ile, sitaficha.

Sasa ikaja meli.

Bandari siku hizo ilikuwa inajaa, meli nyingine zinangoja nje zamu yao. Hii ikaja kutia nanga mbele yetu kabisa, upande huu wa kisiwa cha Mbudya. Ilikuwa na dohani nyekundu ya kutolea moshi. Wakuu, ilikuwa karibu kiasi kwamba tuliziona nguo za mabaharia zimeanikwa, na wanawake wa Kunduchi wakawa wanabishana suruali ipi ya nani.

Vijana wenye ngalawa walikwenda kuwauzia madafu na kuku. Wakarudi na sabuni za kunukia na sigara za mikebe. Hii nayo ishikeni.

Siku ya bamvua, alasiri, nikafungua mlango wangu kama kawaida. Maji yakaingia. Nilipokuja kufunga nikaona yanang'aa rangi rangi, na nyuma yake kunakuja kitu cheusi, kizito, kinatambaa. Ile meli ilikuwa imesafisha matangi yake palepale iliposimama.

Nilifunga ubao, nikaokota ndoo, nikateka, nikamwaga. Unateka mafuta yanabaki. Udongo wa mfinyanzi ukishayanywa hautapiki. Chumvi iliyotoka baada ya hapo ilinuka taa ya kandili, na Muhindi aliinusa mara moja tu akaisukuma pembeni.

Dawa ilikuwa moja. Kuchimba majaruba yote upya, kutupa ule udongo, kuleta mwingine. Kazi ya vibarua wengi, si ya mwanamke mmoja na jembe.

Kaka Hamisi akanipeleka bandarini. Huko palikuwa na karani mmoja kutoka Bukoba, Mkristo, kijana mpole, kaptula yake imepigwa pasi mpaka inakata. Akanisikiliza, akaingia kwa mkubwa wake, akatoka akisema afisa atakuja Kunduchi kuuliza watu. Ikithibitika, wenye meli watalazimishwa kuleta vibarua na kuyatengeneza majaruba yangu.

Nilirudi nimejaa matumaini. Nikamwambia Jumbe. Naye akaita wanaume, wakakaa kikao chao, na mimi sikuitwa. Niliona ni kawaida.

Hapa ni lazima niwaeleze desturi ya pwani ile, maana ndiyo kisa chenyewe.

Miaka yote, askari wa forodha walikuwa wanakuja kuuliza juu ya meli. Ilisimama wapi? Nani alikwenda? Kilishuka nini? Ukisema ilikuwa karibu, swali linalofuata ni nani aliifikia, na linalofuata hilo ni kupekuliwa nyumba. Kwa hiyo watu walikuwa na jibu moja, walilorithi kwa baba zao: ilikuwa mbali. Jahazi likipasuka mwambani na watu wakakesha wanaokoa mzigo, asubuhi askari akija, lilikuwa mbali.

Afisa akaja kwa gari. Mzungu kijana, shingo nyekundu, adabu anayo. Akakaa kwenye baraza ya duka na yule karani wa Bukoba anatafsiri. Mashahidi wakaapishwa kwa Msahafu, mmoja mmoja.

Alianza Jumbe mwenyewe.

"Meli ilisimama wapi?"

"Mbali, bwana. Mbali sana. Kule maji yanakogusana na mbingu."

"Uliweza kuona watu ndani yake?"

"Watu? Hata moshi niliuona kwa shida, na macho yangu haya hayajaanza kuzeeka."

Akaja wa pili, mbali. Wa tatu, mbali. Kijana mmoja wa wale waliouza kuku, ambaye nilimwona kwa macho yangu anatoka melini na mkebe wa sigara, aliapa kwamba meli ilikuwa ndogo kama punje ya mtama.

Nilikuwa nimekaa na wanawake pembeni. Sikuelewa. Zamu yangu ilipofika nikasema ukweli: "Bwana, mie niliiona hapo mbele ya Mbudya. Ilikuwa karibu."

Jumbe akacheka kwa upole, akamgeukia karani. "Mwambie bwana huyu binti ni mgeni, mtu wa Lindi. Bahari yetu hajaizoea. Kitu cha mbali anakiona karibu."

Watu wakacheka. Na mimi nikanyamaza, maana huwezi kumpinga mwenyeji wako mbele ya Mzungu, juu ya ardhi aliyokupa yeye.

Afisa akafunga mkoba, akaondoka.

Nilipokwenda bandarini kuuliza, karani alinipa kiti kwanza. Mtu wa ofisini akikupa kiti kabla hujasalimia, jua limeharibika.

Akanieleza taratibu. Sheria ya nchi, alisema, inaingia baharini maili tatu tu kutoka nchi kavu. Ndani ya hapo nahodha anaitwa, anajibu, analipa. Nje ya hapo ni bahari ya mataifa yote, na wao hawana mkono wa kumfikia. "Mashahidi wenu wote wameiweka meli nje. Bwana hana la kufanya."

Nikamwuliza, "Hiyo bahari ya mataifa yote, mwenyewe nani?"

"Hana mwenyewe. Ni ya watu wote."

"Basi na mie si mmojawapo?"

Akalifunga faili. Hilo sidhani kama hata nyie mna jibu lake, pamoja na kurasa zenu zote.

Halafu akasema kitu ambacho kimenikaa miaka yote hii. Akasema njia bado ipo. Jumbe aje mwenyewe aseme kwamba meli ilikuwa karibu. Faili litafunguliwa. "Lakini, dada, aliapa. Akija kubadili, amekiri kiapo cha uongo. Hilo lina jela. Na wale wengine nyuma yake."

Nilirudi Kunduchi nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Nilitaka nifike nimpigie kelele yule mzee hadharani.

Nikamkuta amekaa nje ya nyumba yangu ananingoja. Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye. Uso umemkunjuka, ana furaha ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

"Umeona tulivyokulinda? Ningesema karibu, wangeuliza nani aliifikia. Wangepekua, na wangeanza na kwako wewe uliyepeleka mashitaka. Sasa nani atakugusa? Meli ilikuwa mbali, watu wote wa hapa safi, na wewe ni masikini ya Mungu tu uliyeharibiwa mali. Watakulipa, mwanangu."

Wakuu, fikirini. Aliapa uongo juu ya Msahafu, mtu mcha Mungu kama yule, kwa ajili yangu. Hakujua kwamba mwenye meli asingeweza kununua shahidi bora kuliko yeye.

Ningemwambia, angekwenda. Namjua. Angevaa kanzu yake akaenda bandarini siku ileile kukiri, akafungwa uzeeni kwa sababu ya majaruba ya mtu wa kuja. Nikaona siwezi.

Nikasema, "Ahsante, baba."

Baada ya muda nikamwambia tu kwamba Wazungu wamekataa. Alilaani kwelikweli. Alisema wale watu hawana haki hata uwape ushahidi wa namna gani.

Kaka Hamisi alikuja kunichukua. Alinifungia mizigo mwenyewe bila kunilaumu, na hilo liliniuma kuliko angenisema.

Siku ya kuondoka Kunduchi nzima ilitoka. Wakanipa mikeka, wakanipa samaki wakavu, wanawake wakalia. Kila shahidi alikuja kunishika mkono, na kila mmoja alinikumbusha kwa sauti ya chini: "Sie hatukukutupa. Tulisema vilevile tulivyopatana." Yule kijana wa kuku aliongeza kwamba la punje ya mtama alilibuni mwenyewe. Nikawashukuru wote, mmoja mmoja.

Nikaolewa na mtu wa Mchinga. Alikuwa mtu mzuri. Sikumpenda. Tumezaa, tumezika, amekufa.

Dar nimerudi uzeeni, nimeletwa na wajukuu, naishi Ubungo. Wale mashahidi wote wameshatangulia na hakuna hata mmoja aliyewahi kujua, ndiyo maana leo naandika.

Nilichojifunza ni kidogo. Wakubwa wakikuuliza kitu, waulize kwanza jibu linakwenda kufanya kazi gani. Sie tulijibu swali la forodha, wao walikuwa wanauliza la mipaka ya bahari.

Hizo maili tatu nasikia siku hizi zimeongezwa, zimekuwa nyingi sana. Wanasheria wa humu mtanisahihisha, nitasoma.

Ila wengine wote nina swali moja, nijibuni bila kunionea huruma: mngekuwa nyie mlangoni pale, na yule mzee anatabasamu, mngemwambia?