Mama Ramani aomba uwazi nyumbani kwake

Saa moja na nusu asubuhi, duka la mshona viatu halijafunguliwa vizuri, lakini tayari kuna mtu sakafuni. Amelala kifudifudi, shavu kwenye saruji, mkono mmoja umepotelea chini ya benchi la kazi. Mpita njia anasimama mlangoni, anainama, anauliza kwa huruma kama kuna hela imeanguka.

"Hapana, kuna ukuta," anajibu aliye sakafuni bila kugeuka.

Huyo ndiye Mama Ramani. Jina la kuzaliwa analo, lipo kwenye kitambulisho, ila ukilitaja mtaani utaambiwa mtu huyo alishahama. Kazi yake ni kuchora ramani za nyumba za mji wa kale, kisha kuzisindikiza ofisini mpaka zipate kibali cha ujenzi. Leo ni zamu ya mshona viatu, ambaye anataka choo nyuma ya duka kwa sababu amechoka kuazima cha jirani na kushukuru kila siku.

Anayeishi kwingine atashangaa choo kimoja kuhitaji ramani. Katika mji huu wa kale nyumba hazina haraka na hazipendi kuguswa. Kubadilisha bati ni kibali. Kupaka rangi upande wa barabarani ni kibali. Watani husema hata paka wa huku huomba ruhusa kabla ya kukaa dirishani.

Mama Ramani anainuka, anajipangusa vumbi, anaandika kipimo kiganjani kwa kalamu. Kiganja chake cha kushoto, anasema, kimewahi kubeba nusu ya mji.

"Kona iliyonyooka huku hakuna," anasema. "Ukiipata, rudia kupima. Umekosea."

Kuta ni za mawe na chokaa, nene, zimevimba hapa na kubonyea pale. Wenye nyumba huapa kwamba wanazijua nyumba zao hata wakifumbwa macho. Mteja mmoja alimwambia asijisumbue kupima sebule, ni mraba, yeye amezaliwa humo. Alipopima, sebule ilitoka kama kipande cha tikiti. Tangu wakati huo ameandika maneno mawili makubwa ukutani pa kijichumba chake cha kazi, mkabala na ofisi ya mipango miji: PIMA, USIKUMBUKE.

Kumbuka maneno hayo, au tuseme yapime. Tutayarudia.

Mama Ramani alisomea uchoraji wa majengo katika chuo cha ufundi na akaanza kazi kwa kuchora nyumba mpya za pembezoni mwa mji, zinazofanana kama biskuti za pakiti moja. Akaja kuposwa na fundi majokofu wa mji wa kale. Siku ya kwanza alipopelekwa kwao, anakiri, aliangalia ngazi kuliko alivyomwangalia bwana.

"Aliolewa na ngazi," anasema mumewe, akicheka. "Mimi nilikuwa mshenga tu."

Kazi haijamtajirisha. Mwezi mzuri hupata ramani nne au tano. Msimu wa mvua hakuna anayejenga, na yeye huishi kwa kuchapa na kutoa nakala za watu wengine. Hata hivyo watoto wawili wanasoma, na hajawahi kutamani kurudi kwenye biskuti.

Sheria ya ofisini ni rahisi kuieleza. Kilichopo huchorwa kwa wino mweusi, kinachoombwa huchorwa kwa wino mwekundu. Wekundu ukizidi, nyuso za ofisini nazo huiva. Na kinachowatisha zaidi ni tundu jipya ukutani, liwe mlango au dirisha, ambalo kwa lugha yao huitwa uwazi.

"Hii ndiyo ofisi pekee ninayoijua inayokataa uwazi kwa maandishi, na mhuri juu," anasema Mama Ramani.

Mzaha huo aliuzoea kwa kazi za watu. Mwaka huu ulimfuata hadi nyumbani.

Mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima humwita Bibi, alivunjika nyonga. Alipona, anatembea na fimbo, na ulimi haukuguswa kabisa. Tatizo ni ngazi zilezile alizozipenda mkwewe. Ukifungua mlango wa nyumba hiyo unakutana nazo uso kwa uso, kali kama za kupandia darini. Familia inaishi juu. Chini, upande wa kichochoro, kuna chumba kimoja cha stoo kisicho na mlango wa nje. Huingiliwa kwa kushuka kutoka ndani. Kingekuwa na mlango wa kichochoroni, Bibi angehamia humo na kutoka mwenyewe apendavyo.

Mkabala na stoo hiyo anakaa muuza nyuzi, shoga yake Bibi tangu ujana. Kwa kuwa mmoja yuko dirishani juu na mwingine kibarazani chini, maongezi yao yote sasa ni ya kupaza sauti. Mtaa mzima unajua nani hajalala vizuri, mkwe wa nani hajui kupika, na dawa gani inafunga choo.

"Umbea ni kitu cha sikioni," Bibi analalamika. "Ukisemea dirishani si umbea tena. Ni tangazo."

Kwa hiyo Mama Ramani akachora nyumba yake mwenyewe, akaweka mlango mmoja mwekundu kwenye ukuta wa stoo, akapeleka. Ramani ikarudi: uwazi mpya katika ukuta wa kale hauruhusiwi. Akakata rufaa, akaeleza habari za nyonga. Ikapita miezi, Bibi yuko dirishani anatangaza. Hatimaye ofisi ikasema itamtuma mkaguzi aangalie.

Mkaguzi mwenyewe anajulikana mjini kote kama Bwana Futi, kwa ile futi ya chuma isiyobanduka kiunoni mwake. Yeye na Mama Ramani wametaniana miaka mingi. Mama humwambia kuwa siku ya harusi yake alimpima bibi harusi kabla ya kusema ndiyo. Bwana Futi hujibu kwamba ndiyo maana ndoa imekaa sawa.

Siku ya ukaguzi, mtani hakutania. Alishuka stoo na ramani mkononi, akapima ukuta mmoja baada ya mwingine, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Mpaka akafika kwenye kabati.

Ni kabati kubwa la mbao nzito, limejaa masufuria mabovu na vipuri vya majokofu. Aliomba lisogezwe. Mama Ramani akamwambia hakuna haja, nyuma yake ni ukuta tu, yeye ameishi nyumba hiyo tangu aolewe. Bwana Futi hakubishana. Alipenyeza mkono nyuma ya kabati, na mkono ukaendelea kwenda. Ukazama mpaka kwenye kiwiko.

Akautoa, umejaa vumbi na utando wa buibui. Akaangalia ramani. Akamwangalia mchoraji.

"Mama Ramani," akasema taratibu, "hapa ulipima, au ulikumbuka?"

Juu ya ngazi Bibi alikuwa amekaa akisikiliza, na Bibi hasikilizi kimyakimya. Alicheka mpaka akaomba maji.

"Nilitamani niingie ndani ya hilo kabati nijifungie," anasimulia Mama Ramani. "Nyumba za watu wote nalala chini, napima mpaka chini ya vitanda. Ya kwangu niliichora nikiwa mezani, nakunywa chai."

Mume aliitwa, mshona viatu akaitwa, kabati likasogezwa kwa kelele na lawama. Nyuma yake ukuta ulikuwa umeingia ndani kwa umbo la mlango. Juu, boriti ya kubebea mlango ilikuwa bado mahali pake. Chini kulikuwa na kizingiti cha jiwe, kimelika katikati kwa kukanyagwa na miguu ya watu ambao hakuna anayewajua. Upande wa kichochoro palizibwa kwa mawe na kupigwa lipu, ndiyo maana nje hapakuonekana kitu.

Bibi naye hakuwa na habari. Alipoolewa alilikuta kabati hapohapo, na mama mkwe wake alimwagiza lisiguswe. Sababu hakupewa, ila anayo ya kwake. Anaamini baba mkwe alikuwa na tabia ya kutokea mlango huo kimyakimya jioni, na mama mkwe aliona kabati ni rahisi kuliko maneno.

Kwa Bwana Futi, sababu haikuwa kazi yake. Kilichomhusu ni kwamba mlango uliokuwepo hauitwi uwazi mpya. Ni uwazi wa zamani ulioombewa kurejeshwa, na kurejesha ndilo neno linalopendwa kuliko yote ofisini kwake. Alimwambia Mama Ramani achore upya, na safari hii ashuke kwenye kiti.

Alichora upya. Mlango ambao kwenye ramani ya kwanza ulikuwa mwekundu, kwenye ramani ya pili ulikuwa mweusi. Kibali kimetoka wiki iliyopita.

Furaha hiyo ina mwiba mdogo, na yeye mwenyewe ndiye anayeutaja. Laiti angesogeza kabati mwanzoni, ofisi ingeona mlango siku ya kwanza.

"Miezi yote ile Bibi alikaa dirishani kwa sababu ya chai yangu," anasema. Alimwomba radhi. Bibi alimjibu kwamba amesamehewa, ila hadithi hiyo itasimuliwa kwa kila mgeni mpaka atakapopata nyingine nzuri zaidi.

Ndiyo maana asubuhi hii yuko chini ya benchi la mshona viatu. Siku hizi hakuna benchi, gunia wala godoro linalomzuia. Maandishi ya ukutani kwake nayo yameongezewa mstari kwa wino mwekundu, kwa mwandiko ambao si wake: NA KWAKO PIA. Bwana Futi anasema hajui nani aliyeandika.

Saa sita mchana tunamkuta nyumbani. Stoo imefagiliwa, kitanda kimeshashushwa, na waashi wanaanza kubomoa Jumatatu. Mpango wake baada ya hapo ni kuzunguka nyumba nyingine za kichochoro hicho na kuwashawishi wenyewe wasogeze makabati yao. Ana hakika kuna milango mingine imelala humo, na wazee wengine wamekwama juu yake.

Limebaki jambo moja dogo. Bibi anataka mlango wa kijani kibichi. Ofisi inaruhusu kahawia. Mama Ramani ameshachukua fomu ya kuomba rangi, na safari hii ameenda na kipande cha mbao kilichopakwa kabisa, maana kijani anachokikumbuka Bibi huenda sicho.

Juu, dirishani, Bibi anampigia kelele muuza nyuzi kwamba kuna jambo amemwekea, jambo zito, la ukoo mmoja wa jirani hapahapa. Madirisha matatu yanafunguka. Muuza nyuzi anauliza ni jambo gani hilo.

"Ngoja mlango," anajibu Bibi.