Ukuta Aliouomba Sukuma

Walimwita Sukuma, na jina hilo hakulitafuta, lilimkuta majini. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye maji ya kifuani, kushika mkia wa ubao wa kutelezea mawimbini, ambao mgeni amelala juu yake kifudifudi akitetemeka, kungoja wimbi la saizi yake, kisha kumsukuma kwa viganja viwili na kusema, "Sasa." Baada ya hapo mgeni ajijue. Sharti lilikuwa moja tu, na alilirudia mpaka samaki wakachoka: "Nikishakuachia, tazama mbele. Ukigeuka kuniangalia mimi, umeanguka."

Mji ule wa mapumziko ulikuwa na wimbi la kila mtu. Mabingwa walikwenda kule nje kwenye miamba, waliojuajua walikaa katikati, na wale ambao hata kuogelea kwao ni kwa kubahatisha waliletwa kwa Sukuma, kwenye fungu la mchanga. Pale, kwa sababu ya mchanga ulio chini, wimbi lilikuwa na adabu. Lilijikunja taratibu, likakupeleka mpaka ufukweni bila kukuvunja mbavu. Watu wazima na vitambi vyao walisimama juu ya ubao kwa mara ya kwanza maishani, wakaanguka, wakacheka mpaka machozi, na Sukuma akafurahi utadhani aliyesimama ni yeye.

Kasoro ilikuwa mkondo. Ulipita kando ya fungu ukisogeza watu kimyakimya kuelekea kwenye mawe. Siku moja ulimchukua binti yake, kifunguamimba wake, enzi hizo bado anang'oka meno ya utoto. Baba mtu alimfikia akiwa ameshagongwa na kidevu kimechanika. Mtoto akapona, akabaki na kovu. Sukuma ndiye hakupona. Tangu siku hiyo wimbo wake ukawa ukuta: tujenge ukuta wa mawe, tuukate mkondo huu. Akawavuta walimu wenzake, wakaenda kwa wakubwa wa mji, wakafukuzwa, wakarudi tena. Mwisho malori yakaja. Walimu walipanga mawe kwa mikono yao, huku Sukuma akiwa mbele, mgongo wazi, kapata wazimu wa furaha. Ukuta ukaisha, mkondo ukafa, watu wakampa mkono.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kumbe mkondo ule ule ndio uliokuwa ukileta mchanga.

Haikuwa siku moja. Fungu lilipungua kama sabuni ya kuogea. Mwanzo Sukuma alisema ni msimu, halafu akasema ni upepo. Kila asubuhi aliingia majini kupapasa chini kwa nyayo, na kila asubuhi alikuta mawe pale palipokuwa na mchanga. Wimbi likalegea, likawa kijikunjo, kisha hata hicho kikatoweka. Mabingwa waliendelea kule nje, maana bingwa hahitaji wa kumsukuma. Walimu wenzake walitawanyika, huyu kaenda kufyeka bustani, yule kulinda geti. Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alirudi kwa wakubwa kuomba ukuta ubomolewe, wakamcheka kwa heshima.

"Mzee, si wewe uliyetuganda hapa mlangoni kama kupe? Acha basi. Wageni wanaupenda."

Na binti je? Binti alikua majini. Kule kwenye miamba wanaume walimpisha. Lakini ndoto yake tangu utotoni ilikuwa kufundisha na baba yake, yeye kushoto, mzee kulia, wasukume watu pamoja. Sasa shule ya mawimbi katika mji mwingine ilikuwa ikimwita akafundishe huko. Akamwambia baba yake, "Nawaambia wanisubiri msimu mmoja. Mchanga ukirudi, siendi popote."

Sukuma alishika ahadi hiyo kama mtu aliyeshika kamba. Msimu ukapita. Mwishoni ikaja dhoruba, ile ya kuhamisha fukwe, na ilipotulia mzee akatoka mbio bila hata kuvaa viatu. Aliporudi, mkewe alikuwa chumbani anakunja nguo za binti.

"Umeona nini?"

"Maji."

"Nimekuuliza mchanga."

Sukuma akavua shati lililolowa, akalitundika msumarini. Mkewe akaendelea kukunja nguo. Alipomaliza, teksi ya kumchukua binti ikafika.

Ilikuwa teksi kuukuu. Sukuma mwenyewe ndiye aliyefunga ubao wa binti juu ya paa, akakaza kamba mpaka dereva akalalamika. Mama mmoja mgeni akapita akiwa amebeba mtoto mwenye boya mikononi.

"Wewe ndiye uliyepigania ule ukuta? Ubarikiwe, baba. Bahari imetulia, watoto wanaoga kama kwenye beseni."

"Asante," akasema Sukuma.

Binti alisubiri mama yule apite. "Baba, ukuta uliujenga kwa ajili yangu. Usijilaumu."

"Nisijilaumu mimi, mama, nimlaumu nani? Bahari?"

"Utakuja kunitembelea?"

"Nitakuja," akadanganya. Mji anakokwenda binti ulikuwa na fungu la mchanga, na walimu wamejipanga majini wakisukuma wageni. Alijijua kwamba hataweza kusimama ufukweni akayatazama hayo.

Binti akamkumbatia mama yake, akaingia kiti cha mbele. Dereva akawasha, gari likakohoa, likanyamaza. Akajaribu tena. Wapi.

"Mzee, tusaidie kidogo hapo nyuma."

Sukuma akazunguka. Akaweka viganja viwili kwenye mkia wa gari, akainama, akasukuma. Nyayo zikakwaruza lami. Gari likasogea, likashika kasi ya mteremko, injini ikanguruma.

"Sasa," akasema, neno likimtoka lenyewe.

Mikono ikabaki hewani. Kwenye kioo cha nyuma alikiona kichwa cha binti yake, shingo imenyooka, hakigeuki. Alikuwa anatazama mbele, kama alivyofundishwa.